Swali Alilolifuta Mjomba

Mtaani walimwita Fundi Kompyuta, na kwa jina hilo wakamletea pasi zilizoungua, redio bubu, hata saa za ukutani. Mjomba hakujua kutengeneza hata kimoja, na kukataa pia hakujua. Vilijaa chini ya kitanda chake mpaka mimi nikavirudisha kwa wenyewe, huku nikisema maneno ambayo yeye asingethubutu. Jamani, mtu mpole anaweza kukuchosha!

Ndiye aliyenilea. Mama yangu, dada yake, alifariki kabla sijaanza shule, Mjomba akanichukua na ukaidi wangu wote. Hakupenda kuuliza jambo mara mbili. Siku moja nilinuna, hasira za kitoto tu, nikasema chai yangu isitiwe sukari. Basi nikanywa chai chungu miaka na miaka, kwa sababu yeye keshajua, na mimi naona haya kusema nimebadili mawazo.

Kampuni yake ilitunza mtambo unaopokea simu za wagonjwa na kuwatumia gari. Programu ya magari waliandika wengine. Yeye aliandika injini iliyo chini yake, ile inayoiendesha. Alinieleza hivi: programu ikifika mahali palipoandikwa "tuma ujumbe", mara ya kwanza haijui itume kwa njia gani, maana kila chombo kina njia yake. Injini inamtazama anayeitwa, inatafuta njia yake, halafu inaifunga palepale, kama kamba kwenye kigingi, iwe ndiyo ya kutumia kila mara. Baada ya hapo haitafuti tena, inauliza swali moja dogo tu: huyu ni wa aina ileile? Kama ndiye, pita. Kama siye, tafuta upya.

Mjomba alilifuta lile swali. Mtambo ulikuwa unajikokota, wakubwa wanapiga kelele, naye alipochunguza akaona mahali pale hupita magari tu, hakuna kingine. Sasa kuuliza kila mara kwa nini? Akalifuta, mtambo ukakimbia, wakamkatia keki. Baadaye sana wenzake wa programu wakaongeza pikipiki za kuingia vichochoroni, wala hawakumwambia. Na mume wangu akapata kazi ya kuendesha mojawapo. Mjomba ndiye aliyetuletea habari ya nafasi hiyo, na siku ile nilimbusu mkono.

Magari yana redio na simu, pikipiki ina simu tu. Siku za mwanzo, mtambo ukiwashwa asubuhi, pikipiki ilitangulia kuitwa. Njia ya simu ikafungwa iwe ya wote, magari nayo yakapata ujumbe kwa simu zao, na hakuna aliyegundua kitu. Siku ile likatangulia gari, ikafungwa njia ya redio. Mchana mama mmoja akashikwa na uchungu, damu ikawa haikatiki, mumewe akapiga simu kuomba msaada. Mtambo ukaiita pikipiki ya mume wangu kwa redio isiyokuwepo. Kwenye kioo cha msimamizi pakaandikwa "imetumwa". Mume wangu alikuwa amekaa kivulini kituoni, simu mkononi, anasubiri kazi. Yule mama akafa, na mtoto wake.

Wakasema mume wangu alilala.

Mjomba aliposikia alikimbilia kazini akafungua injini yake, na jua halijazama alikuwa keshaliona kosa. Akalirudisha swali, akawasha mtambo upya ili asife mwingine. Ndipo akaja kwangu, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, ni mimi. Mume wako hakulala."

Sitaficha, nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Aliyapokea yote. Halafu akasema ataenda kusema ukweli mbele ya kamati ya uchunguzi.

Siku ya kamati alibeba injini ile ya zamani, isiyo na swali, kwenye kompyuta yake, simu ya mume wangu wakaiweka juu ya meza. Mwenyekiti, mama mmoja mkavu wa maneno, akasema, "Tuoneshe hiyo pikipiki."

"Naomba nianze na gari, mheshimiwa."

"Gari halina kesi hapa. Anza na pikipiki."

Akaanza nayo. Simu ikalia, safi kabisa. Watu wakatazamana. Mjomba akasema kosa linategemea nani ametangulia kuitwa, akaomba awashe upya. Akatanguliza gari, kisha pikipiki, na simu ikanyamaza kimya.

"Kwa hiyo tukiipanga sisi inafanya kazi," mwenyekiti akasema, "ukiipanga wewe inakosea."

"Mheshimiwa, swali la kukagua aina nililifuta mimi, kwa mkono wangu..."

"Na huyu dereva ni nani wako?"

Mjomba hajui kudanganya. "Amemwoa mpwa wangu. Ni mkwe wangu."

Mtu mmoja akacheka. "Mwamba ngozi huvutia kwake," akasema mwingine. Mkurugenzi wa Mjomba alikuwepo, yuleyule aliyekata keki, anaangalia viatu vyake. Nilitaka kumrukia, wallahi, nikashikwa. Wakaandika: uzembe wa dereva.

Mume wangu akafukuzwa. Mjomba hakuguswa, akaacha kazi mwenyewe. Siku hizi huja kwetu kila jioni, anakaa na mkwe wake barazani, na mazungumzo yao ni hayohayo. Juzi nilikuwa nachambua mchele karibu yao, mume wangu akasema, taratibu, "Mjomba, una hakika sikulala?"

"Nina hakika, baba. Nimeona kwa macho yangu."

"Maana wamesema sana. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka vizuri, nimekaa, simu mkononi. Sasa nikifumba macho naisikia inalia, na mimi nimelala. Naisikia kabisa."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Mjomba akamshika magoti yote mawili, akaanza kumweleza tangu mwanzo, gari, redio, njia iliyofungwa, swali lililofutwa, mpaka sauti ikamkatika akawa analia tu. Mume wangu alimwitikia, "Naam, Mjomba. Naam," kwa adabu, vile unavyomwitikia mtu anayekudanganya kwa wema.