Bilauri ya Katana

Leo nacheka, lakini mwaka ule nilikuwa nikipita Changamwe kwa njia za uani nisikutane na watu, na mke wangu akienda kanisani peke yake na kusema mimi naumwa, kwa hivyo nikiwasimulia haya mjue uso wangu umekwisha kuwa mkavu.

Vita vilikuwa vimemalizika, nami nimerudi kutoka Burma, nilikokuwa fundi wa magari ya jeshi, na pamoja na mifupa yangu nilirudi na Kiingereza. Si kingi, lakini nilikitumia kama mtu aliyenunua saa mpya anavyokunja mkono wa shati. Basi chuo kimoja cha ufundi pale Changamwe kikafanya maonyesho ya wanafunzi, kila mmoja na chombo alichokibuni mwenyewe, na mshindi angechukuliwa moja kwa moja kazini kwenye karakana yetu, nilikopata kazi baada ya kurudi. Waamuzi tulikuwa injinia wa Kizungu, mtu wa maneno machache, na mimi, tena mimi ndiye niliyepaswa kumfasiria. Kwa kujiona kwangu nikamwalika na baba mkwe, Mzee Mwaringa, atoke Rabai aje aone alimwoza nani binti yake (hakuwahi kuniamini sana, na sababu anazo). Wakamkalisha safu ya mbele, kofia magotini.

Nilivaa suti ya sufu. Jua la Changamwe mnalijua, na ukumbi ule ulikuwa na paa la mabati, kwa hivyo kabla hata hatujaanza shati lilikwisha kunigandama mgongoni na koo limenikauka. Injinia alianzia mlangoni akitazama vyombo tu, mimi nikaanzia dirishani kuuliza maswali, kisha tupite pamoja nikimfasiria. Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya Katana, kijana mwembamba wa Mtongwe, asemaye kwa sauti ya chini. Mbele yake palikuwa na debe, mrija wa shaba uliopita ndani ya ndoo, na mwisho wa mrija bilauri ya maji meupe pee, imefunikwa kitambaa. Mimi niliona bilauri tu.

"Mwanangu," nikamwambia, "nipe maji ninywe, nakufa kwa joto."

Sasa nyinyi mnajua kwetu. Mtu mzima akikuomba maji humwulizi maswali, wala huwezi kumnyima nayo yapo mbele yake. Unampa, tena kwa mkono wa kulia na kichwa umeinamisha. Katana alisita kidogo (nikadhani ni haya), akaondoa kitambaa, akasema, "Karibu, baba." Nikayashusha yote, nikashukuru, nikamrudishia bilauri, ndipo nikamwuliza chombo chake kinafanya nini.

Akanieleza. Anachemsha maji ya bahari ndani ya debe, mvuke unapita mrijani, unapoa, yanatoka maji matamu, maana kisima cha kwao kina chumvi na mama yake huenda mbali sana kuteka ya kunywa. Alikuwa amechochea moto uani tangu alfajiri, moto umezimwa kwa kuwa ndani ya ukumbi hauruhusiwi, na maji yote yaliyopatikana yalikuwa yale ya bilauri. Alipofika hapo akalitazama tumbo langu.

Ningemwita injinia pale pale nikamwambia nimekunywa kazi ya huyu kijana, angenuna au angecheka, yakaisha. Lakini Mzee Mwaringa alikuwa hanibandui macho, nikaona bora nilitengeneze jambo kimya kimya. Mwalimu wake akamwita Katana pembeni kumweka sawa kola ya shati. Chini ya dirisha palikuwa na mtungi safi, kata juu yake, nami kwa akili zangu nikajua hayo ni maji ya wageni. Nikachota, nikajaza bilauri, nikaifunika, nikasimama mikono nyuma.

Katana alirudi pamoja na injinia. Alipoiona bilauri imejaa macho yalimtoka, nami nikamkonyezea (Mungu anisamehe) atulie. Akaeleza, nikafasiri, na nilifasiri vizuri, hata mimi mwenyewe nilijisikia. Injinia akainua bilauri, akapiga funda moja, na hapo hapo akalitema kwenye leso yake.

Mtungi ule ulikuwa wa Katana. Yalikuwa maji ya bahari, akiba aliyoibeba kutoka Mtongwe.

Injinia akaniambia nimwulize kijana mbona maji yana chumvi, akatoa na kalamu mfukoni alikate jina lake. Nikauliza. Katana alinitazama, kisha akatazama chini.

"Mwambie mrija umevuja, baba. Mwambie nimekosea mimi."

Nikafungua mdomo nifasiri. Maneno yake yote niliyajua kwa Kiingereza, ni sentensi fupi, na ningeyasema hakuna ambaye angejua. Lakini kijana alikuwa anaitupa kazi yake ili nisiaibike mimi, kwa sababu ni mkubwa kwake na watu wanatazama, na kusema kweli nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mimi. Nikamwambia injinia, kwa haraka na kwa sauti ya chini, kwamba maji ya kijana niliyanywa mimi na haya niliyatia mimi. Tena nikapata nafuu fulani, maana kwenye viti vile Kiingereza hakuna aliyekisikia.

Injinia akairudisha kalamu mfukoni. Akasema vizuri, sasa waambie na hawa kwa Kiswahili.

Nikageuka, nikawaambia. Mama mmoja wa nyuma akaomba nirudie, hakusikia vizuri, nikarudia. Mzee Mwaringa akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Yote uliyanywa?"

Nikamjibu, "Yote, baba."

Chombo kikapelekwa uani, moto ukawashwa upya, na mpepea makaa nilikuwa mimi, ndani ya suti yangu ya sufu, watu wamenizunguka na hakuna aliyekwenda kwao. Matone yalichelewa mpaka nikaanza kuyaombea. Yalipofunika kitako cha bilauri injinia akaonja, akatulia, akaonja tena, kisha akampa Katana mkono.

Meza yake ya kazi sasa iko kando ya yangu. Nimeapa sitaomba tena maji penye watu kabla sijajua yametoka wapi. Lakini kila asubuhi Katana huniamkia shikamoo, akaniwekea bilauri ya maji bila ya kutabasamu, na mpaka leo sijui kama ni heshima au ananisuta, na kumwuliza siwezi. Nayanywa yote, naye husimama pale pale mpaka nimalize.