Msusi na Gurudumu la Mbele

Mwanamke aliyenisuka nywele Brussels alikuwa na vidole vyenye harufu mbili: mafuta ya nazi na petroli. Nilikuwa mteja wake kwa muda mrefu kabla sijathubutu kumuuliza. Saluni yake ilikuwa ndani ya ile galerie ya Matonge, ujia wa maduka katika mtaa wa Wakongo, hatua chache kutoka Porte de Namur. Siku nilipouliza, alifuta vidole, akatafuta video. Alinipitishia simu juu ya bega, na humo nikaona pikipiki imesimama kwa gurudumu la nyuma, inazunguka mduara mdogo kwenye maegesho yaliyojaa madimbwi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, ma chère. Usitingishe kichwa."

Tangu siku hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: mtu anahisi nini pale gurudumu la mbele linapoiacha ardhi. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu watu wanaoondoka kwao. Sikuwahi kumjua mtu anayeondoka namna hiyo, kwa kuzunguka palepale. Kwa hiyo alipokubaliwa kwenye mashindano ya michezo ya pikipiki kusini mwa Moroko, ukingoni mwa jangwa, na akahitaji mtu wa kupokezana naye usukani wa gari la mizigo, nilijitolea kabla hajamaliza kusema.

Mama yake akapata habari. Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, akihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee mtaani Schaerbeek, na alikuja na begi lake na sharti lake.

"Bon. Mi pia nakuya. Kama unaanguka mbele ya macho yangu, tutaiuzisha ile moto, ile pikipiki yako, kulekule. Mi siwezi kulala kila siku na roho juu."

Binti akakubali. Alikuwa hajawahi kumkatalia mama yake jambo usoni, na alijua kwamba mama hasemi kitu mara mbili.

Tulivuka Ufaransa kwenye mvua, Hispania kwenye jua, kisha bahari, kisha milima. Mama alikaa katikati yetu na chupa yake ya chai, akiuliza juu ya kila mji tuliopita: "Na hapa, batu banakulaka nini?" Kama hatukujua, alibuni jibu mwenyewe, akaridhika nalo.

Nilitegemea milima ya mchanga. Nilikuta mawe meusi hadi upeo wa macho, na mbingu isiyo na kitu cha kushikilia. Mashindano yalifanyika kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa siku nyingi. Kila asubuhi wanaume walifagia mchanga uliovuka lami usiku, na kila asubuhi ulikuwa umerudi. Waendeshaji walikaa chini kando ya pikipiki zao wakipunguza upepo wa matairi, wakitania kwa lugha tatu.

Kwenye mazoezi, mama akiwa bado hemani anakunywa chai na akina mama wa Kimoroko, msusi alijaribu mduara wake. Pikipiki ilimrusha pembeni kama punda aliyekasirika. Aliruka, akatua kwa miguu. Nilimkimbilia.

"Goudron ya huku inashika," alisema, akiipapasa lami kwa kiganja. "Ya kwetu iko na maji kila siku. Tairi inatereza kidogo, inakusamehe. Huku haisamehe kintu."

Mimi niliyeilaani mvua ya Brussels miaka yote, nilisimama pale nikiiwaza upya. Ilikuwa imemfundisha mtu ustadi mzima bila yeye kujua. Lakini yeye alikuwa anawaza sharti la mama yake. Alisema mduara atauacha.

Mzunguko wa kwanza wa mashindano ulikwenda salama. Alipita mbele ya waamuzi ameinua gurudumu, akalishusha polepole, akainua tena. Watu walipiga makofi ya adabu. Aliporudi na kuvua kofia ngumu, mama alikuwa amejishika kiuno.

"Ni ile tu?"

"Ni ile, maman."

"Siku zote hizi mu gari, mugongo inaniuma, juu ya kuangalia mutoto anatembeza moto kama facteur wa posta?"

"Maman, sikuanguka!"

"Na ule muzunguko iko wapi?"

Binti alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemsaliti. Nilitikisa kichwa.

"Usimuangalie huyu. Minakuonaka mi mwenyewe, ku dirisha ya bus, wakati natoka ku kazi. Unazunguka ku parking, unazunguka, mpaka bus inapinda kona na sioni tena. Sijaonaka mwisho yake hata siku moja."

"Na kama naanguka?"

"Nilisha kusema."

Sikuwahi kuona mtu akivaa kofia polepole vile.

Mara ya pili alikwenda moja kwa moja katikati ya lami. Gurudumu la mbele likapanda, pikipiki ikainama, mduara ukaanza. Mama alikuwa amefungua mdomo kama mtoto. Duara likawa dogo, likawa dogo zaidi, mpaka nikadhani nitapata jibu la swali langu kwa kutazama tu. Kisha tairi la nyuma likalia, pikipiki ikayumba, na mama akageuka ghafla akaipa lami mgongo, akitazama mawe, mkono wake umeng'ang'ania wangu.

"Niambie. Anazunguka?"

Nyuma yake chuma kilikwaruza lami.

"Maman..." nilianza.

"Niambie!"

"Anainuka. Ameinuka. Anainua pikipiki."

"Miguu?"

"Anatembea vizuri."

Makofi yalianza, na safari hii hayakuwa ya adabu. Mama alibaki ametazama mawe mpaka aliposikia injini ikiwaka.

"Bon," alisema. "Mi sikuona kintu."

Kisha akafungua chupa ya maji, akanywa mwenyewe karibu yote, akanipa kilichobaki nimpelekee binti yake.