Ramani ya Maharage

Wiki iliyopita fomu ilifika mezani kwangu, hapa Kibondo ninakofundisha. Mashindano ya taifa ya jiografia, mwanafunzi mmoja kwa kila shule. Jina, mahali alipozaliwa, walikozaliwa wazazi. Nilipofika mstari huo nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa chai ambayo sikuinywa. Wewe unanijua, si mtu wa kushtushwa na karatasi.

Basi nikurudishe Kasulu, kule juu vilimani, kwa bibi aliyenilea. Ni kiangazi, maharage yamevunwa, uani watu wanapura kutwa, vumbi linawasha shingo, na harufu ya muhogo uliovundikwa imejaa kila kona. Mgeni akiisikia huziba pua. Mimi hadi leo inanitia njaa. Binti wa jirani alikuwa anakuja kutusaidia kupepeta. Tulisoma darasa moja, na kwenye jiografia hakuwa na mpinzani ila mimi, nami nilikuwa mpinzani wa mbali.

Ungo wake ulichelewa kuisha kwa sababu ya ramani. Alipanga maharage mekundu yakawa mipaka, ya njano yakawa milima, meupe yakawa mito. Siku moja aliupanga mto Malagarasi, pale unapotutenganisha na Burundi, kisha akaweka punje mbili ng'ambo.

"Huyu bibi yangu, huyu bibi yako," akasema. "Wamezaliwa huko wote. Bibi yako kaniambia mwenyewe."

Nilikuwa najua. Bibi yangu alivuka akija kuolewa, wa kwake alivuka akikimbia vita. Tofauti yao ndiyo hiyo tu. Bibi alikuja, akaitazama nchi nzima ilivyotandazwa, akasema, "Yewe, maji yamechemka," akaimwaga chunguni. Jioni tuliila kwa ugali wa muhogo, imeungwa kwa mawese. Alitugawia sawasawa na kutukumbusha msemo wake wa kila siku: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Maskini, alidhani anatuonya juu ya watu wengine.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu wa pwani. Baridi ya kwetu ilimfanya avae kanga ya mkewe chini ya koti, tukawa tunamcheka. Alikuwa mwoga zaidi kuliko mbaya. Alitupa jaribio la kumpata wa kwenda Dodoma kwenye mashindano. Binti wa jirani akawa wa kwanza, mimi wa pili, na jina lake likaandikwa kwenye fomu. Mji mkubwa tuliowahi kuuona sote wawili ulikuwa Kasulu mjini, siku ya soko. Aliazima viatu vya shangazi yake, akavijaza vitambaa mbele vimkae, akawa anajifunza kuvitembelea uani kwetu. Mimi nilimshika mkono asianguke, na moyoni niliomba aanguke.

Kesho yake mwalimu alisimama mbele yetu na ile fomu.

"Hili ni jambo la taifa," akasema. "Kama huyu kwao si hapa, semeni sasa. Nisije nikaulizwa mimi."

Nusu ya darasa ilikuwa na bibi wa ng'ambo, kwa hiyo kila mtu aliinamia daftari lake. Mimi nikanyoosha kidole.

"Bibi yake katoka Burundi, mwalimu."

Nilisema kwa sauti safi, ile ya kujibu swali. Mwalimu akamuuliza kama ni kweli. Alisimama akasema ni kweli, ila yeye na mama yake wamezaliwa hapa. Mwalimu alikuwa ameshatafuta rula. Alilikata jina lake kwa mstari ulionyooka, akaandika langu juu yake. Kufika mchana walikuwa wanamwita mkimbizi, na waliocheka zaidi ni wale wenye bibi kama wake. Nilicheka nao.

Dodoma niliambiwa nichore mto Malagarasi, tangu chanzo hadi unapoishia. Nilikuwa nimekariri miji mikuu ya Afrika nzima. Nikachora mto unaopanda mlima, nikawa wa mwisho.

Niliporudi, nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa. Neno la darasani lilimfikia mwenyekiti wa kitongoji, naye akaenda kuuliza karatasi. Karatasi zilikuwepo, lakini bibi yule alishawahi kukimbia na hakutaka kusubiri aambiwe. Wengine walisema wameingia kambini Mtendeli kwa ndugu zao, wengine walisema wamevuka. Kambi nayo imefungwa. Nimepita pale mara nyingi, ni majani tu, na hakuna wa kumuuliza.

Bibi hakunigombeza. Aliendelea kupepeta, ila ule msemo wake sikuusikia tena mpaka anafariki. Siku hizi pale uani maharage yanapurwa kwa mashine na kuingia moja kwa moja kwenye magunia, na sijaona mtoto akipanga chochote kwenye ungo.

Watu hudhani kinachoniuma ni kile kidole. Mimi naikumbuka ile dakika aliyosimama, ameshamjibu mwalimu, akanigeukia. Jina langu lilikuwa bado halijaandikwa. Punje ya pili alijua ni ya nani, na muda wa kusema alikuwa nao. Akakaa.