Asilimia Nane ya Ilse

Rosalind Kowalczyk wa Wilmington aliendesha maisha yake kwa kuandika maombi ya hataza, zile hati za serikali zinazomlinda mvumbuzi asiibiwe alichovumbua. Wakemia walimpenda siku ya kuandika, wakamnunia siku ya kupunguza madai. Desturi ya kazi ni kudai mengi kwanza, kama anayejipimia shamba kubwa, kisha kurudi nyuma mkaguzi wa serikali akikubana. Na kurudi nyuma, asikwambie mtu, kunauma.

Asubuhi hiyo alikuja Vernon Stahl, mzee aliyetengeneza gundi ya kushika mbao zilizolowa. Hakutaka utajiri. Alitaka hati yenye majina mawili, lake na la marehemu mkewe, Ilse.

Walikuwa wamedai gundi yenye utomvu wa kiwandani, asilimia tano hadi arobaini. Mkaguzi akafukua hati ya kale ya Mbelgiji mmoja, yenye gundi ile ile kwa utomvu wa asilimia nane. Akawakatalia.

"Nimeshakurahisishia," Vernon akasema, amejaa furaha. "Andika tano hadi kumi. Dai likiwa dogo, si ndiyo jipya hilo?"

"Vernon wee!" Rosalind akacheka. "Umepunguza shamba, lakini nyumba ya Mbelgiji bado imo ndani! Nane haiko kati ya tano na kumi?"

Vernon akakuna kidevu.

"Kupunguza peke yake si dawa. Punguza kuelekea asikofika yeye. Kumi na mbili hadi kumi na tano tuliiandika kwenye ombi tangu mwanzo, na majaribio yako yanaonyesha hapo ndipo gundi inashika kweli kweli."

"Nane haitoki."

"Mtaka yote hukosa yote, bwana. Nane ikibaki, dai linaanguka."

"Nimesema haitoki!" Vernon akapiga meza, kisha sauti ikamshuka. "Nane ni ya Ilse. Aliichanganya gerejini, kwenye sufuria ya jamu. Akabandika ubao uliolowa kwenye boriti, akauning'inia kama mtoto, na ubao usiachie. Alipolala hospitalini nikamwambia, hakuna duniani aliyewahi kufanya hivi."

Rosalind alimwonea huruma. Angeweza kumwacha aendelee kuamini hivyo, lakini hati ya Mbelgiji ilimtangulia Ilse.

"Ilse hakumwibia mtu," akasema. "Hakujua tu."

"Lakini hakuwa wa kwanza."

"Hakuwa."

Vernon akatazama dirishani. "Haya, toa nane. Ila jina lake liache pale juu."

"Mvumbuzi ni aliyevumbua kinachodaiwa, Vernon, na uongo kwenye kiapo cha hataza huiua hati nzima. Alichofanya Ilse, Mbelgiji alishakifanya. Hizi zilizobaki, kumi na mbili hadi kumi na tano, nani alizijaribu?"

Mzee alikuwa amezijaribu mwenyewe gerejini, baada ya mazishi, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno.

"Mimi," akasema. "Peke yangu."

Rosalind akamsogezea karatasi ya kuliondoa jina la Ilse. Vernon akatia sahihi pole pole, akaichukua kofia yake.

"Hati ikitoka," akasema mlangoni, "tafadhali usinipongeze."