Siku Niliyotoa Shikamoo Nikiwa Juu ya Baiskeli

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, kwa sababu watu wa Morogoro wamekwisha kulisimulia kwa namna zao na kila mmoja kaongeza chumvi, hata yuko anayeapa kwamba nilimgonga mzee wa watu nikamvunja mguu. Sikumgonga mtu. Nilichofanya kilikuwa kidogo kuliko hicho, lakini heri ningevunjika mguu mimi.

Enzi hizo za Mdachi nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni, mtu wa Bagamoyo niliyeletwa na reli, na katika mji mzima Waswahili wenye baiskeli tulikuwa watano. Tukaunda chama cha kutembea pamoja kila Jumapili, na kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu, masharti niliyaandika mimi: tunakwenda mmoja nyuma ya mwenzake, hapana kumpita wa mbele, wa mbele akiona shimo apaze sauti, wa mwisho abebe pampu na viraka, na tukikutana na mtu mzima njiani, wa mbele ashuke na wote washuke, tumwamkie miguu ikiwa chini. Wa mbele alikuwa nani? Mimi, bila shaka.

Sasa niwape siri yangu. Baiskeli ile niliinunua kwa Mdachi mmoja mrefu aliyekuwa anarudi kwao, na mimi (si mnaniona) miguu nilipewa ya kupimiwa. Nikishakaa juu naendesha vizuri tu, nikijinyonganyonga kiuno, na kushuka naweza, najitupa upande mmoja, lakini kupanda siwezi mpaka nipate jiwe, au gogo, au kichuguu cha kukanyagia. Wenzangu hawakujua. Mahali pa kupumzika nilipachagua mimi, na kila mara palikuwa na jiwe.

Jumapili ninayoisema tulikuwa tunakwenda kuposa. Nilikuwa nimempenda binti wa Kiluguru, Zena, wa kijiji kimoja chini ya milima upande wa njia ya Ngerengere, nikamwomba Mwalimu Saidi, mwenzetu wa chamani, awe mshenga wangu, na baba yake Zena akatuma neno kwamba tufike kabla ya adhuhuri. Mimi nikaona twende chama kizima, baiskeli tano ziingie kwa mstari, wakwe wajue wamepata mtu. Niliwaza kanzu itachafuka, gurudumu litatoboka, nitakosea maneno, yaani niliwaza kila balaa isipokuwa ile iliyonipata.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tukaacha barabara, tukashika kijia chembamba kati ya mashamba ya mtama, na mbele yetu nikamwona mzee mmoja amejitwika mkungu wa ndizi, nguo ameikunja magotini, miguu tope tupu. Nikatazama kulia, hakuna jiwe, nikatazama kushoto, hakuna hata kisiki, tope na mtama mpaka macho yanapoishia, nikasema moyoni nikishuka hapa nitapandaje, mbele ya wenzangu wanne, siku ya posa yangu? Nikapiga kengele. Nikasema, "Shikamoo baba, tupishe kidogo," nikapita. Yule mzee akajitupa shambani, mkungu ukamponyoka ukaanguka topeni, na wenzangu, kwa kuwa mimi sikushuka, nao hawakushuka: kengele, shikamoo, kengele, shikamoo, mara nne. Nilitega sikio nisikie marahaba hata moja. Sikusikia.

"Karani, mbona hukushuka?" Mwalimu Saidi akaniuliza kwa nyuma.

"Tumechelewa, Mwalimu."

"Hatujachelewa."

Nikajifanya natazama mashimo.

Tukafika. Nikajitupa chini, nikamwendea baba yake Zena nikamwamkia kwa heshima zote nilizofundishwa kwetu pwani, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, Mwalimu Saidi naye akaanza maneno ya ushenga kwa madaha. Yule baba akamsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwalimu, maneno yako mazuri, lakini unanipa mimi bure. Hapa kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake. Kazi yangu mimi ni kuwapa vigoda mkae. Mwenye neno ni mjomba wake."

"Yuko wapi mjomba?" Mwalimu akauliza.

"Ametoka asubuhi kuwakatia wageni ndizi."

Wenzangu wote wanne waligeuka wakanitazama, na mimi nikaanza kujituliza, kwamba ndizi zinakatwa na watu wengi, kwamba milima hii yote ni migomba, kwamba mzee yule huenda alikuwa anakwenda kwingine kabisa. Tukaletewa maji, nikayapokea huku macho yako njiani. Kila kuku aliyepita nyuma ya nyumba nilidhani ni yeye.

Akaja. Mkungu ulikuwa na tope upande mmoja. Tukasimama sote tukamwamkia, akatuitikia marahaba tano, mojamoja, bila haraka, akawapa wanawake ndizi, akanawa miguu, akaketi. Za njiani hakuzitaja, na laiti angenitukana. Tukala zile ndizi. Nilipomaliza ndipo akanyoosha kidole kwenye baiskeli yangu.

"Karani, panda nione."

Uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa ajili yetu, umebaki mweupe, hakuna hata kokoto. Nikashika usukani, nikainua mguu, nikarukaruka, nikazunguka na ile baiskeli kama anayegombana na mbuzi, mara mbili, mara tatu, kanzu ikanaswa kwenye mnyororo ikachanika. Basi, mvuliwa nguo huchutama. Nikaiachia ikaanguka, nikasema, "Mjomba, siwezi. Nikishuka sipandi mpaka nipate jiwe. Ndiyo maana sikushuka njiani. Niliona haya."

Ndani wanawake waliangua kicheko, na kimoja nilikijua ni cha nani. Mjomba hakucheka.

"Kumbe ni haya," akasema. "Mimi nilidhani ni kiburi, na nilikuwa nimekwisha kukukataa tangu kule shambani. Sasa sikukatai wala sikukubali. Rudi mjini kwa miguu, ukiikokota hiyo, na kila mtu mzima umwamkie. Mwezi ukiandama uje tena, kwa miguu vilevile, ndipo tutaongea."

Wenzangu walipanda zao wakaenda (Mwalimu Saidi ndiye aliyekaa mbele, na tangu siku hiyo hakupaachia). Mimi nikatembea na kanzu yangu iliyochanika. Niliamkia watu mpaka sauti ikakauka, na wengi wakanisimamisha, wakaniuliza jina, kwetu wapi, nakwenda kwa nani, watu ambao kwa miaka miwili nilikuwa nawapita na kengele yangu na sikumjua hata mmoja.

Posa ilikubaliwa mwezi wa tatu tangu siku ile. Mwalimu Saidi aliniambia nilete fundi akate kile kiti kifupike, nikakataa. Nimeapa nitashuka popote nitakapomwona mtu mzima, na pasipokuwa na jiwe nitatembea. Zena huniuliza kwa nini nafika nyumbani nimechelewa, nami humwambia leo njiani wazee walikuwa wengi.