Jinsi mama alivyomfumania baba migombani, na ukoo wetu ukajua tezi dume

Wakuu, nimeshaitikia shikamoo zenu zote. Haya nayaandika mwenyewe, kidole kimoja, na sitii chumvi.

Waliokuwepo: baba yangu Anaeli. Mama yangu Ndeshi. Shangazi Akundaeli, dada mkubwa wa baba. Mzee Ndelilio, rika la baba, walitahiriwa siku moja. Na mimi, binti yao wa miaka kumi na mitatu, mdomo wazi.

Ni kwetu Meru, Mwingereza bado anatawala.

Baba alianza kupotea. Tunakula loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando, anaacha bakuli, anaingia migombani. Wageni wanakunywa kahawa, huyo, migombani! Anakaa huko mpaka wageni wanaaga.

Mama akajua. Kuna mwanamke wa kule Sakina, njia ya mjini.

(Kwa nini Sakina? Hata yeye hakuwa na sababu. Aliichagua tu.)

Mchana mmoja akachukua ukuni, akamwita shangazi awe shahidi. Nami nikafuata, nani angekosa hiyo!

Tukamkuta baba peke yake, paji la uso kwenye mgomba, jasho linamtoka, suruali magotini.

"Yuko wapi?" mama akanguruma.

"Nani?"

"Huyo wa Sakina!"

"Ndeshi, mkojo umegoma tangu asubuhi, mwanamke nitampeleka wapi?"

Wakuu, mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka. Baba mwenyewe akacheka, akashika tumbo kwa maumivu.

Shangazi hakucheka.

"Anaeli, baba yetu Ndekirwa alisimama hivi hivi. Kaka Zakaria naye. Tukasema wamerogwa. Tumewazika wote wawili. Wewe unasubiri nini?"

Baba akapandisha suruali. Hospitali haendi. Eti afe na heshima yake kuliko kumvulia mzungu nguo.

Mama alilia, hakusikia. Mchungaji alikuja, hakusikia. Kesho yake tumbo limekaza kama ngoma.

Ndipo shangazi akamfuata Mzee Ndelilio. Kwetu, mwenzako wa rika akikuomba jambo kwa jina la rika, hukatai. Ukikataa, wenzako hawanywi tena pombe na wewe.

Ndelilio akasimama mlangoni. "Anaeli, kwa rika letu, nakuomba inuka. Ukiona aibu, mimi nitavua kwanza."

Na kule hospitali alivua, wakuu! Walituhadithia wenyewe. Dokta wa mjini kageuka, kakuta wazee wawili suruali chini, hajui mgonjwa yupi.

Baba akawekewa mpira, mkojo ukatoka. Mama alikuwa akisema baba alipiga kelele za furaha kama amezaliwa upya. Kumbe ni tezi dume, na ndani mna kansa, ile kali. Wakamfanyia operesheni. Aliishi mpaka akanisindikiza kanisani kuolewa, anajisifu kwa kila mgeni jinsi anavyokojoa vizuri.

Sasa sikilizeni nyie wanaume.

Juzi mwanangu Godlisten kaenda kupima. Dokta kamuuliza, kwenye ukoo kuna aliyeugua tezi dume? Kajibu hakuna!

Kanipigia akiwa bado hapo hapo, nikamwambia mpe dokta simu niongee naye. Ndekirwa. Zakaria. Anaeli. Watatu!

Godlisten eti, "Mama, hao ni upande wako, hawahesabiki."

Dokta akasema wanahesabika, upande wa mama pia. Umri unahesabika. Sisi watu weusi tuko kwenye hatari zaidi. Na ukoo wenye wagonjwa wengi wa karibu, kama wetu, ndio wa kuwahi kupima, maana kansa kali haisubiri dalili. Akamtoa damu ya PSA, kile kipimo cha tezi dume, siku hiyo hiyo. Majibu safi, ila arudi kila mwaka. Nimecheza jikoni na magoti yangu haya!

Waulizeni mama zenu na shangazi zenu wazee walikufa na nini. Msiishie kwenye "alirogwa".

Nanyi wa ukoo wetu mnaosoma humu, mnajijua: kama yule kaka wa baba hakuwa Zakaria, au kuna mwingine nimemsahau, nirekebisheni hapa hapa. Godlisten arudi kwa dokta na majina kamili.