Siku Njeri Alipoisimamisha Nyatiti

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha moja kwa moja kwenye Bustani ya Amani na Urafiki, pale chini ya mtaa wa Milimani, ambapo nyasi huteremka hadi ziwani. Wakati huo ilikuwa mpya kabisa. Lango lilikuwa jeupe mpaka linaumiza macho, milingoti ya bendera za nchi za watu ilisimama safu nzima, na katikati palikuwa na mikono miwili ya mawe iliyoshikana, mikubwa kuliko nyumba yetu ya Dunga. Sisi watoto wa darasa la sita tulibishana mikono ile ni ya nani. Nikasema mmoja ni wangu na mwingine ni wa Njeri, na anayebisha ajitokeze. Nilikuwa mtoto wa mdomo, na mdomo huo ninao hadi leo.

Njeri alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba yake, Kariuki, alitoka Nyeri kabla hatujazaliwa, akauza viazi sokoni Otonglo, na Njeri akakulia hapo hapo, akijua Kijaluo kuliko Kikuyu. Kisha zikaja fujo za uchaguzi. Kibanda chao kikavunjwa, na baadhi ya waliokivunja walikuwa wateja wake. Baba Njeri alikijenga upya, lakini yeye mwenyewe hakuwa yule yule. Aliuza kimya kimya huku macho yakiangalia chini. Halafu akatangaza kwamba shule zikifungwa wanahamia Nyeri, basi, na magunia yakafungwa yakapangwa nyuma ya mlango. Nililia hadi mama yangu, muuza samaki asiye na muda wa machozi, akaniuliza kwani nani amekufa.

Shule yetu ilialikwa bustanini siku wageni kutoka ng'ambo walipokuja kuitembelea. Njeri alimsihi baba yake aje, hata kama ndiyo mara ya mwisho. Akaja na koti lake la kanisani, akasimama nyuma kabisa karibu na lango, kama mtu aliyekwisha kuaga. Hotuba zikamiminika, amani hapa, urafiki pale, jua likituchoma utosini. Mimi nilijaa hasira. Yaani mataifa yote haya yanapendana hapa, na mtu wa Otonglo anashindwa kukaa Otonglo! Ndipo mzee mmoja wa Dunga akaketi na nyatiti yake, kinubi chetu cha nyuzi nane, akaanza kuzichuna zile nyuzi, na watu waliokuwa wakisinzia wakaamka.

Sisi Wajaluo tuna desturi tuiitayo pakruok. Muziki ukikolea, yeyote anaweza kuusimamisha, akajisifu na kuwasifu wapendwa wake kwa sauti kubwa, watu wakamshangilia, kisha muziki ukaendelea. Ni mambo ya watu wazima. Njeri hakujali. Alichomoka kwenye mstari wetu, akainua mkono na kupaza sauti, na nyatiti ikanyamaza. Wageni wakatazamana, wakidhani vurugu imeanza. Bwana mmoja wa suti, aliyekuwa akiongoza sherehe, akaja mbio amekunja uso.

"Wewe mtoto, rudi kwa laini! Unatuaibisha mbele ya wageni."

Mzee wa nyatiti hata hakumtazama. Aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Bwana, huyu amenisimamisha. Mpaka amalize, mimi sipigi."

"Lakini ni mtoto!"

"Basi ngoja mtoto amalize."

Akamaliza, tena kwa Kijaluo safi kabisa. "Mimi Njeri, binti ya Kariuki wa viazi! Mimi nikila samaki, paka analala njaa! Rafiki yangu Achieng' ndiye mrembo wa Dunga, anayebisha akaulize ziwa! Baba yangu amefunga magunia, lakini mimi siingii kwenye gunia! Mimi ni wa Otonglo!"

Wee! Zile kelele sijazisikia tena mahali popote. Kina mama wa samaki walipiga vigelegele, wazee wakarusha kofia, na wageni nao wakapiga makofi bila kuelewa hata neno moja. Mama yangu akapasua umati hadi langoni, akamshika Baba Njeri mkono, akamvuta mbele ya watu wote hadi chini ya ile mikono ya mawe. "Baba Njeri, umesikia mtoto. Rudisha viazi sokoni." Baba Njeri alilia waziwazi, na mama yangu, huyo huyo asiye na muda, akalia naye. Juma lililofuata nilimsaidia Njeri kufungua magunia.

Desemba iliyopita Njeri aliolewa, na sherehe tukaifanyia bustanini. Lango limechujuka. Milingoti haina bendera, mzee wa nyatiti tulishamzika, na muziki ulitoka kwenye maspika makubwa ya kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua. Nilikuwa nikiyasikitikia hayo yote moyoni nilipomwona Baba Njeri, mtu ambaye miaka yote sijamsikia akijisifu hata kwa viazi vyake, akisimama na kuinua mkono. Kijana akasita, akamtazama, kisha akazima mashine yake.

"Mimi Kariuki," akasema kwa Kijaluo chake kibovu, "mimi Kariuki wa Otonglo! Niliyefunga magunia, nikayafungua!"